GPS ya kuzungukia Mwanza: kabla hujalipa, iulize njia ya Busisi

Mteja alikuwa Kitangiri, friji yake ya kuuzia soda imeisha gesi. Kifaa changu cha GPS, ambacho kilikuwa na wiki mbili tu mkononi mwangu, kilinipitisha Kirumba bila tatizo, kikanikatisha kushoto mara mbili, kikatangaza kwamba nimefika. Nikashuka kwenye kirikuu. Mbele yangu kulikuwa na jiwe kubwa kama nyumba ya ghorofa, limeanikwa mashuka, na pembeni yake kinjia kinapanda. Mzee mmoja aliyekuwa anaota jua la asubuhi akanitazama na mtungi wangu wa gesi akacheka.

"Mwangaluka, mwanangu. Huyo unayemtafuta yuko juu kule. Gari unaacha hapa, huo mtungi unaweka begani."

Nilihesabu ngazi mpaka sabini nikachoka kuhesabu. Kifaa hakikuwa kimedanganya. Kwa ramani nilikuwa karibu kabisa na mlango wa mteja, ila ukaribu huo ulikuwa wa kupanda, na ramani ile haikujua habari ya kupanda.

Ninazunguka jiji hili kutengeneza friji na viyoyozi, kwa hiyo naulizwa sana na mafundi wenzangu na vijana wa kusambaza mizigo: ninunue GPS ipi? Wengi wanataka nitaje aina ya kifaa. Mimi huanza na ramani iliyomo ndani yake, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba GPS yenyewe haili bando. Satelaiti zake ziko juu kama kilomita 20,200, zinatuma mawimbi na kifaa chako kinayapokea tu, hakirudishi chochote. Kikishazipata nne kinajua kilipo. Hiyo kazi simu janja ya kawaida inaifanya vizuri sawa na kifaa cha bei mbaya, na simu nyingi siku hizi zinapokea pia satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Kinachokula bando ni ramani, pale simu inapoivuta mtandaoni kipande kwa kipande. Ukiwa nayo tayari kwenye memori, unaweza kutoa laini kabisa na mshale ukaendelea kutembea.

Sasa habari ya ramani. Shemeji yangu alinunua gari lililotoka Japani, lina redio yenye skrini kubwa, akadhani amepata nevigesheni ya bure. Skrini inaongea Kijapani, ramani ni ya huko huko Japani, na siku fundi umeme alipochomoa betri, redio ikaanza kudai kadi ambayo hakuna anayejua ilibaki wapi. Leo inasaidia kwenye kamera ya nyuma tu. Mimi nikajiona mjanja zaidi: nikanunua kifaa cha gari cha mtumba kilichotoka Uingereza. Ukikiwasha kinakuonyesha vichochoro vya London hadi namba za nyumba. Tanzania kilikuwa kinaijua kwa barabara kuu peke yake. Nilipokuwa Mecco, mimi kwake nilikuwa kwenye karatasi nyeupe, mshale unaelea. Ndicho hicho nilichokuja kukiwekea ramani nyingine ya kuokoteza, kikanipeleka Kitangiri.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, toka nacho nje ya duka, maana chini ya bati kitahangaika kutafuta satelaiti na utakilaumu bure. Kikishajua kilipo, kiambie kikupeleke kutoka Usagara hadi Sengerema. Kikikwambia ushuke Kigongo usubiri kivuko, ramani yake ni ya zamani, kwa sababu Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 na magari yanapita juu ya ziwa kilomita tatu. Usianzie safari hiyo mjini, kitaweza kukupeleka kivuko cha Kamanga na hapo hakijakosea. Halafu jaribu kukiandikia Nyang'homango. Viko vifaa ambavyo kibodi yake haina kile kikoma cha juu, na viko ambavyo ukikosea herufi h moja vinakwambia mahali hapo hapapo. Kwa Usukumani, kifaa cha namna hiyo ni mapambo.

Jaribio la tatu ni la vilima. Mji wetu mtu mgeni anadhani una mitaa mingi, kumbe shida ni miamba. Nyumba mbili zinaweza kuwa jirani kwenye ramani na bado kuna kilima katikati yao, hivyo gari lishuke mpaka Barabara ya Makongoro au ya Nyerere lizunguke upya. Chagua sehemu mbili za namna hiyo unazozijua mwenyewe, uone kama kifaa kinakuzungusha au kinakurusha juu ya mawe. Mabatini kilichonichosha ni kingine: ukiwa kwenye uchochoro kati ya mwamba na ukuta, mawimbi yanagonga na kurudi, na kidoti chako kinahamia mtaa wa pili. Hapo hakuna kifaa cha kukusaidia, uliza mama wa genge.

Mimi mwishowe nilifanya hivi. Nilichukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona, nikaifuta kila kitu, nikaweka programu ya Organic Maps na ramani ya Tanzania. Ramani hiyo inatoka OpenStreetMap, ambayo inachorwa na watu wa kujitolea, na ndiyo maana utakuta vinjia vya miguu ambavyo vifaa vya dukani havina. Simu yenyewe haina laini. Inachaji kwenye gari. Nimeibana chini ya usawa wa kioo, kwa sababu ikikaa juu ya dashibodi saa saba mchana inachemka na kujizima yenyewe. Sauti nimeizima, niliposikia inavyolitamka Nyakato nikaona inatosha.

Wateja nao wana lao. Tangu mwaka 2022 tuna anwani za makazi, vibao vya mitaa vipo na namba za milango zipo, lakini mteja bado atakwambia "ukifika Kona ya Bwiru nipigie". Mwambie akutumie lokesheni, na umuulize yuko wapi anapoituma. Kuna dada alinitumia nikaifuata kwa utii mpaka Mwaloni, katikati ya madalali wa dagaa. Friji iko nyumbani Buswelu. Yeye alikuwa ametuma akiwa sokoni ananunua mzigo.

Anayehitaji kweli kifaa cha GPS peke yake ni mtu wa ziwani. Kama unavua, au unapeleka mizigo Ukerewe na Ukara, nunua kile cha mkononi kinachotumia betri za kawaida, chenye alama ya IPX7, yaani kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Mshale wa kwenda moja kwa moja, ambao mjini unakugongesha kwenye mwamba, majini ndio unaoutaka, na ukishaweka alama mahali ulipotega nyavu usiku, asubuhi unarudi pale pale. Ila kabla hujakinunua, bonyeza vitufe vyake ukiwa na mikono iliyolowa. Jamaa yangu wa Igombe alinunua cha kugusa skrini na maji yakawa yanabonyeza kabla yake.

Yule mteja wa Kitangiri amenipigia tena wiki iliyopita, safari hii ni kompresa. Alama niliyoweka kwenye simu iko chini, pale jiwe lilipo, na nimeiandika "acha gari hapa, beba maji ya kunywa". Mzee alikuwepo. Mashuka pia.