Kabla ya kununua msumeno wa pili

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue msumeno wa pili wa injini, kwa kuwa huo mmoja vijana wako wa kukata miti wanaugombania na kila mara uko kwa fundi. Mimi naona usinunue kwanza. Chombo kinachoshikwa na kila mtu hakina mwenyewe, na wa pili utafuata njia ile ile.

Mteue kijana mmoja awe mtunzaji. Yeye peke yake achanganye mafuta: misumeno mingi ya kisasa hutaka mililita 100 za oili yake maalum kwa lita 5 za petroli, ila fuata kitabu cha mashine. Kukisia ndiko kunakoua injini. Kila jioni asafishe chujio la hewa, anoe mnyororo kwa tupa ya mviringo na kupaka oili. Chumvi ya upepo wetu wa bahari haisamehi chuma.

Hizo pesa tia kwenye kamba na mikanda ya kupandia. Kamba inayomshika mpandaji isitumike kuteremshia matawi kamwe. Tena wakatie vijana bima, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakulazimu. Nakusihi kwa hili, maana anayeanguka kutoka mwembe mkubwa ana watu wanaomtegemea nyumbani.

Mti uliogusa nyaya za stima usiupande, hata mteja akuongezee. Kenya Power wazime kwanza.

Kusi ikianza kuvuma, simu za wateja zitaongezeka. Ikiwa msumeno bado mzima, hapo nunua wa pili, modeli ile ile ili vipuri viingiliane.