Theluthi ya nini? Kufumbua mafumbo ya sehemu kwa aljebra

Mwanafunzi anayejumlisha 1/3 na 1/4 bila shida anaweza kukwama kwenye fumbo la sehemu kwa sababu ya neno moja dogo: "ya". Theluthi ya nini? Robo ya nini? Kabla hujaandika mlinganyo, pigia mstari neno linalofuata "ya" kila linapotokea.

Chukua fumbo hili. Mama alitumia 1/3 ya fedha zake kununua mchele, kisha 1/4 ya fedha zilizobaki kununua mafuta ya kupikia. Akarudi na shilingi 18,000. Alitoka nyumbani na shilingi ngapi?

Tuseme x ni fedha alizotoka nazo nyumbani. Iandike sentensi hiyo daftarini, yote, kwa maneno. Mchele umechukua x/3, zimebaki 2x/3. Mafuta ni robo ya zilizobaki, yaani 1/4 × 2x/3 = x/6. Kwa hiyo:

2x/3 − x/6 = 18,000
4x/6 − x/6 = 18,000
x/2 = 18,000
x = 36,000

Wengi huandika x − x/3 − x/4 = 18,000. Hapo robo imechukuliwa kwenye fedha zote. Wanapata 5x/12 = 18,000, na x = 43,200. Jibu limetoka bila desimali, linapendeza macho, na ndiyo maana halishtui mtu. Ukilirudisha kwenye mlinganyo huo huo litakubali, maana kosa limo ndani ya mlinganyo wenyewe. Lirudishe kwenye maneno ya fumbo: mchele 14,400, zinabaki 28,800, mafuta 7,200, zinabaki 21,600. Fumbo linataka 18,000. Sasa jaribu 36,000: mchele 12,000, zinabaki 24,000, mafuta 6,000, zinabaki 18,000. Sawa.

"Ya" hiyo hiyo hutega hata pasipo neno "zilizobaki". Darasa lina wanafunzi 40. Wasichana wakiwa 3/5 ya darasa, ni 24. Wakiwa 3/5 ya wavulana, x inakuwa idadi ya wavulana: x + 3x/5 = 40, hivyo 8x/5 = 40, wavulana 25 na wasichana 15.

Kosa lingine hutokea mlinganyo ukiwa tayari, wakati wa kuondoa asili, yaani namba za chini za sehemu. Tangi lina maji 2/5 ya ujazo wake. Likiongezwa lita 350, maji yanafika 3/4. Linajaa kwa lita ngapi? Hapa x ni ujazo wa tangi lote, si maji yaliyomo.

2x/5 + 350 = 3x/4

KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) ya 5 na 4 ni 20. Zidisha kila kipande kwa 20, pamoja na ile 350 isiyo na sehemu:

8x + 7,000 = 15x
7x = 7,000
x = 1,000

Namba nzima ndiyo husahaulika, kwa kuwa haina asili ya kumkumbusha mtu. Atakayeandika 8x + 350 = 15x atapata x = 50. Ajiulize tu: tangi la lita 50 limepokeaje lita 350?