Bahashishi kwa mhudumu wa chumba melini

SWALI: Mwanangu amenilipia safari ya siku 7 katika meli ya kitalii, kwenye chumba cha daraja la juu chenye sebule. Je, nimpe mhudumu wa chumba kiasi gani? – Mama wa Jinja

JIBU: Mama, kwanza soma hati ya safari, kwa kuwa kampuni nyingi hutoza bahashishi kila siku kwa kila abiria, na wenye vyumba kama chako hutozwa zaidi kidogo, ilhali Silversea na Regent Seven Seas huijumuisha katika nauli. Fedha hizo hugawiwa wengi, wakiwemo wafua nguo usiowaona. Hata hivyo, anayetandika kitanda asubuhi na kurudi jioni kukunjua shuka na kubadilisha taulo anastahili kitu mkononi. Kwa maoni yangu dola 20 hadi 50 kwa safari nzima, ndani ya bahasha yenye jina lake, zinatosha. Nakusihi usiombe kufutiwa tozo ya kila siku, maana wahudumu wanaitegemea. Shilingi zetu zitawasumbua kubadilisha, kwa hiyo nunua noti ndogo za dola Kampala kabla ya kuelekea Entebbe.