Gari ikikauka inabaki madoa meupe

SWALI: Salaam fundi. Niko Malindi, gari yangu ni nyeusi, naiosha nyumbani na maji ya kisima, lakini ikikauka tu boneti yote vidoadoa vyeupe. Nimebadilisha sabuni, wapi, madoa yako pale pale. Shida nini?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, sabuni haina kosa, ni maji. Visima vingi huku pwani vina chokaa na chumvi, ndo ile inayogandaga ndani ya birika, sasa jua likipiga maji yanaenda zake chokaa inabaki imeng'ang'ania rangi. Kwa hivyo usioshe saa sita mchana, osha asubuhi mapema au jioni, gari iwe kivulini na boneti imepoa. Anza na paa ushuke, na kila upande ukimaliza suuza hapo hapo, povu lisikaukie. Kama umekinga maji ya mvua yaweke ya kusuuzia mwisho, hayo hayana chokaa.

Halafu usiachie upepo ukaushe, hapo ndo wengi wanaharibu! Chukua taulo safi ya maikrofaiba, ile ya nyuzi laini laini, ilaze bapa kwenye boneti uivute taratibu bila kukandamiza, ikilowa kamua, na usisahau chini ya vioo vya pembeni, maji yanajificha pale yanachuruzika baadaye.

Madoa yaliyopo, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pangusa na kitambaa laini, subiri kidogo tu, suuza sana, kausha. Stiliwaya usiguse kabisa, utakwaruza rangi.