Ifanye FPGA ijishtaki yenyewe

Mdogo wangu unayeanza kazi ya bodi za FPGA (chipu ambayo mzunguko wake wa ndani unaupanga wewe mwenyewe) hapa Lubumbashi, siku moja utaletewa kifaa ambacho mezani kwako ni kizima kabisa, lakini kwa mteja kinagoma mara moja moja. Chukua mizani ya malori ya madini. Kihisi kinasema lori limepanda, kifaa kinapima, kinachapa karatasi. Halafu siku nyingine kinaganda mpaka mtu akizime na kukiwasha. Foleni inarefuka, madereva wanapiga honi, na ukifika wewe kila kitu kinaenda sawa.

Wengi hukimbilia kichanganuzi cha mantiki, chombo cha kurekodi ishara kinachowekwa ndani ya chipu: Signal Tap kwa wenye programu ya Quartus, ILA kwa wenye Vivado. Wanachomeka kila ishara wanayoifikiria, kisha wanangoja. Hesabu inawakatalia. Sampuli zinakaa kwenye kumbukumbu ya chipu ileile, na EP4CE6, ile Cyclone IV ndogo, ina vipande 30 tu vya kumbukumbu, viitwavyo M9K. Ishara 32 kwa sampuli 8,192 zinahitaji vipande 32. Ukishuka hadi sampuli 4,096 unatumia 16, na kwa saa ya chipu ya 50 MHz, sampuli moja kila pigo, umepata mikrosekunde 81.92. Anayegundua kwamba karatasi haikutoka ameshachelewa sekunde nzima.

Ndiyo maana mtego hauwekwi kwenye dalili. Jiulize: ni jambo gani haliwezi kamwe kutokea ndani ya mzunguko huu ukiwa mzima? Kama mashine ya hali, ile sehemu inayokumbuka kifaa kimefikia hatua gani, imeandikwa kwa mtindo wa biti moja kwa kila hali, basi wakati wote ni biti moja tu inayowaka. Andika mistari michache inayopandisha waya mmoja hadi 1, uupe jina “kosa”, mara tu zinapowaka mbili au isipowaka hata moja. Fyatua kichanganuzi kwa waya huo, na upange sehemu kubwa ya sampuli iwe ya kabla ya mfyatuo, kwa kuwa unachokitafuta kimeshapita. Hapo unaweza kulala nyumbani, chipu inakesha.

Ila SNEL, shirika la umeme, isikate umeme. Bodi ikizimika, picha uliyoinasa inafutika pamoja nayo, kwa hiyo bodi iweke kwenye onduleri (UPS). Kuna ubaya wake: ikiwa chanzo ni umeme mchafu, onduleri itakuficha ugonjwa. Kichanganuzi chenyewe kinaona 0 na 1 tu, hakioni volti. Ukiushuku umeme, shika osiloskopu, pima ile 1.2 V ya kiini cha chipu palepale kwenye mizani. Laptopu iache itumie betri yake, kwa sababu kebo ya JTAG, ile inayoiunganisha na chipu, inaunganisha ardhi yake na ya bodi, na chaja inaweza kubadilisha kile unachokipima.

Turudi kwenye mizani. Baada ya kuweka kichanganuzi unaweza kukuta hitilafu imetoweka. Usifurahi. Kukompaili upya kumehamisha saketi ndani ya chipu, nyaya zimekuwa fupi hapa na ndefu pale. Kosa linaloponywa na hilo kwa kawaida ni la muda (ishara kuchelewa kufika kabla ya pigo la saa) au la ishara inayoingia bila kufuata saa. Soma ripoti ya muda kwanza, kazi ambayo vijana hawaipendi, kisha fuatilia kila waya unaoingia kutoka nje.

Waya wa kihisi cha lori ukienda moja kwa moja kwenye biti kadhaa za mashine ya hali, njia zake hazilingani urefu. Pigo la 50 MHz ni nanosekunde 20. Njia mbili zikitofautiana nanosekunde 0.1, basi kwa wastani lori moja katika 200 litaleta ishara ndani ya upenyo huo: biti moja itasoma 0, jirani yake 1. Hicho ndicho utakachokiona kwenye picha, ukiwa umechunguza biti zenyewe. Ukiuchunguza waya wa nje, kichanganuzi kitausoma kwa rejista yake chenyewe, na jibu lake si lazima liwe lile walilolisoma wengine.

Dawa inajulikana: flipu-flopu (rejista za biti moja zinazofuata saa) mbili mfululizo, mahali pamoja, ndipo ishara isambazwe.

Sasa thibitisha, na usithibitishe kwa kungoja. Kabla ya kutia dawa, ondoa kihisi, weka jenereta ya mawimbi inayopiga mara elfu kadhaa kwa sekunde, isiyotumia saa ya bodi, maana ikiitumia kingo zitaangukia palepale kila mara. Mashine ikianza kuganda ndani ya dakika chache, umelishika kosa. Tia dawa, iache jenereta ipige usiku kucha. Kisha ondoa dawa uone kama linarudi. Ule waya wa “kosa” uunganishe na kihesabio kidogo, ubaki humo kifaa kikirudi kwa mteja.