Muulize Fundi wa Bunduki: Jumamosi hii matundu yanagusana, Jumamosi ijayo yametawanyika

SWALI: Mzee, habari ya Nairobi? Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, ila kwa sasa naishi Texas, Marekani, ambako sheria inaniruhusu kujaza risasi zangu mwenyewe nyumbani. Nina bunduki ya komeo, ya risasi aina ya .308 Winchester, kitako cha mbao. Kuna siku risasi tano kwa mita 100 zinafunikwa na sarafu ya shilingi ishirini. Wiki inayofuata nikirudi renji na risasi zilezile, matundu yanaenea upana wa kiganja. Nimebadilisha baruti, nimebadilisha fataki inayoiwasha, nikanunua vichwa vya bei ghali, ile sehemu inayoruka. Maganda ya shaba nayaokota palepale renji, ni mengi na ni ya bure. Sasa marafiki wananiambia nijaribu baruti nyingine. Ninunue ipi? – J., Texas

JIBU: Usinunue, kijana wangu. Umebadilisha vitu vitatu na sioni hata kimoja ulichokipima peke yake. Ukibadilisha baruti, fataki na kichwa kwa mkupuo mmoja, matundu yakakaribiana, utamshukuru nani? Yakitawanyika, utamlaumu nani?

Hebu tuipigie hesabu hiyo sarafu yako, maana ndiyo iliyonifanya nichague barua hii. Shilingi ishirini ina kipenyo cha milimita 26. Kundi la matundu hupimwa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa hiyo toa unene wa kichwa chenyewe, milimita 7.8. Unabaki na milimita 18 hivi. Kwa mita 100, dakika moja ya pembe, kipimo ambacho wapigaji hupimia makundi yao, ni milimita 29. Hilo ni kundi zuri mno kwa bunduki ya dukani, na kama lingekuwa linapanda na kushuka kidogo, leo milimita 18, kesho 30, ningekwambia hiyo ni bahati tu ya risasi tano na ukalale. Kundi la risasi tatu au tano hudanganya sana. Ila kiganja ni sentimita nane hivi. Kutoka milimita 18 hadi huko si bahati. Kuna kitu kimelegea, kinagusa, au kimechanganywa.

Sasa njoo kwa baruti, mshtakiwa wako. Tuseme vipimo vyako ni ovyo kabisa, risasi moja inatoka kwa mita 800 kwa sekunde na nyingine inapungukiwa na mita 15. Unajua tofauti hiyo inashusha tundu kiasi gani kwa mita 100? Milimita tatu. Peleka shabaha hadi mita 500 na tofauti hiyohiyo inakuwa karibu sentimita 10, na hapo ndipo wanaopiga mbali wanapokosa usingizi kwa ajili ya mwendo. Lakini wewe unapiga mita 100. Uzembe wa mizani hauwezi kukutengenezea kiganja. Marafiki zako wanamsulubisha asiye na hatia.

Washukiwa ni watatu siku zote: bunduki, mpigaji na risasi. Wanaojaza wenyewe humkimbilia wa tatu kwa sababu ndiye anayependeza kuchezea mezani jioni. Nilipokuwa kwenye karakana ya silaha, askari akiniletea bunduki na kuapa kwamba mtutu umekufa, nilichukua bisibisi kabla ya kuchukua kitu kingine chochote. Skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako, kisha skrubu za msingi wa darubini, kisha pete zake. Mitutu mingi iliyoletwa kwangu ikiwa “imekufa” ilifufukia hapo. Tumia spana ya kupima nguvu na ufuate kiwango alichoandika mtengenezaji. Usikaze kwa hasira, pete zitaiminya darubini na utakuwa umejiongezea tatizo jingine.

Kisha chukua noti, ya shilingi mia ukiwa bado unayo moja ya kukukumbusha nyumbani, uipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia ncha ya kitako kurudi nyuma. Ikikwama kabla ya kufika karibu na chemba, pale risasi inapokaa, mbao inagusa mtutu. Mbao hunyonya unyevu, huvimba na kujipinda. Wiki kavu inaachia mtutu, wiki ya mvua inaubana. Umesema zinatofautiana wiki kwa wiki, si risasi kwa risasi, na mimi mbao ningeishuku sana. Dalili nyingine ya kugusa: risasi ya kwanza na ya pili ziko pamoja, halafu kadiri mtutu unavyopata moto zinazofuata zinatambaa upande mmoja kwa mstari. Matundu yakijigawa makundi mawili yaliyo safi, shuku darubini inayocheza.

Na jicho lako je? Laza bunduki juu ya vifuko vya mchanga, usiishike, chungulia kwenye darubini huku ukisogeza kichwa chako kushoto na kulia. Ule msalaba wa kulengea ukitembea juu ya shabaha, kila unapoweka shavu mahali tofauti unalenga mahali tofauti. Darubini nyingi zina kirekebishi cha hilo ubavuni au mbele. Kizungushe mpaka msalaba utulie.

Baada ya hayo, na si kabla, nunua kitu kimoja. Nimekukataza kununua baruti, sikukukataza kutumia akili. Nunua boksi la risasi za kiwandani za mashindano, zote zenye namba ileile ya toleo. Piga kumi, polepole, ukiacha mtutu upoe, na usihesabu zile mbili tatu za kwanza kama umetoka kuusafisha mtutu hadi ukang'aa, kwa sababu mtutu msafi hupiga kwake kando. Mpe pia mtu mwingine unayemwamini apige kumi. Zikitawanyika kwenu nyote wawili, meza yako ya kujazia haina kosa na unarudi kwa bisibisi. Zikikaa vizuri kwenu nyote, basi kweli kosa ni la risasi zako. Zikikaa vizuri kwake na kutawanyika kwako, ninyamaze.

Tuchukulie ni risasi. Naanza na hayo maganda ya bure, na hapa sicheki. Ganda la kuokota hujui limeshapigwa mara ngapi wala limepigwa kwenye bunduki ya nani. Viwanda havifanani unene wa shaba. Maganda ya kijeshi ya 7.62, yanayofanana na ya .308, mara nyingi ni mazito zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Maji ya kikombe kimoja kwenye sufuria mbili za ukubwa tofauti hayafikii alama moja, na baruti ni hivyo, isipokuwa hapa kinachopanda ni shinikizo karibu na uso wako. Kipimo kilichokuwa salama kwenye ganda jepesi kinaweza kuvuka mpaka kwenye ganda zito.

Halafu kuna shingo ya ganda, ambayo ndiyo inayokishika kichwa. Shaba ikipigwa na kubanwa tena na tena inakakamaa. Shingo laini inashika kwa namna yake, shingo ngumu kwa namna nyingine, kichwa kimoja kinaachiwa mapema na kingine kinachelewa. Ndiyo maana watu hupasha shingo moto kwa uangalifu ili ilainike tena, shingo peke yake, kamwe si kitako cha ganda. Ukichanganya maganda mapya na machovu kwenye boksi moja, hakuna baruti itakayokuokoa. Tafuta maganda 50 ya kiwanda kimoja, ya toleo moja, yatembee pamoja maisha yao yote, na urefu wake usivuke milimita 51.18 ambazo ndizo mwisho kwa .308.

Kina cha kichwa kinahitaji jicho pia. Wengi hupima risasi nzima kutoka kitako hadi nchani, wakati ncha za vichwa hazilingani hata ndani ya boksi moja. Pima kwa kifaa kinachoshika pale kichwa kinapofikia unene wake, kwa sababu hapo ndipo kinapokutana na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Usikisogeze mbele mpaka kiikandamize mifereji bila kushusha baruti kwanza, shinikizo hupanda.

Fataki: iingie hadi mwisho, izame kidogo tu chini ya uso wa kitako cha ganda, zote sawa. Basi.

Mizani nimeishasema haina hatia kwa mita 100, lakini siku moja utapiga mbali. Sehemu moja ya kumi ya greini, kipimo cha uzito wa baruti, ni miligramu 6.5, na upepo wa feni unaweza kuipotosha mizani ya elektroniki kwa zaidi ya hapo. Mtazame sonara anavyofunga kimlango cha kioo kabla ya kusoma uzito wa pete. Iwashe mizani mapema ipate joto lake, zima feni na kiyoyozi, sogeza simu mbali, na kila baada ya muda weka jiwe la kupimia uone kama bado inasema ukweli. Na usiache risasi kwenye dashibodi ya gari huko Texas. Baruti ikipata joto inaungua kwa kasi zaidi, na baadhi ya baruti huathirika kuliko nyingine.

Sasa rudi kwenye baruti uliyonayo, fataki moja, kichwa kimoja. Fungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, anza na kipimo cha chini, si katikati. Kila ukibadilisha kiungo chochote, hata fataki, unashuka tena chini na kupanda upya. Piga makundi manne ya risasi tano, siku tofauti, kisha weka karatasi zote nne juu ya nyingine ukilinganisha alama ya kulengea. Hayo matundu 20 kwa pamoja ndiyo bunduki yako. Ile sarafu ilikuwa picha ya harusi.

SWALI: Nina leseni hapa Nairobi na risasi ni ghali. Naweza kuagiza mashine nijaze mwenyewe nyumbani? – Msomaji, South B

JIBU: Hapana. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kutengeneza risasi ni shughuli yenye leseni yake, na cheti chako cha kumiliki bunduki si leseni hiyo. Cheti chenyewe kinataja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Barua ya J. isome kwa elimu ya kulenga. Nusu yake, ile ya skrubu, mbao na jicho, inakufaa hata kwa risasi za dukani.

SWALI: Ni kweli risasi haishuki sana Nairobi kama inavyoshuka Mombasa? – Mwanafunzi, Lang'ata

JIBU: Ni kweli, maana yake Mombasa inashuka zaidi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo inaizuia risasi kidogo. Kwa mita 100 hutaona chochote. Kwa mita 500 tofauti ni ya sentimita kadhaa, inatosha kukosa shabaha ndogo. Kama darubini yako ina alama za umbali zilizochorwa kiwandani, soma karatasi iliyokuja nayo: zilichorwa kwa hewa fulani na mwendo fulani wa risasi, na mara nyingi ni hewa ya usawa wa bahari.