Kumuenzi mwenzi wako sio lazima uanze na taasisi

Jamani tangu niandike kwamba mume wangu alikuwa mwanajeshi na ameshatangulia, inbox imejaa swali lile lile tu, dada nifanyeje nimuenzi mwenzangu, nifungue taasisi, nianzishe kombe la mpira, nichapishe tisheti? Wote nawatajia mama mmoja wa Marekani, Bonnie Carroll, maana yule alianzia mahali sahihi.

Mama huyu naye alikuwa mwanajeshi, upande wa jeshi la anga, akaja kustaafu na cheo cha meja. Mumewe Tom Carroll alikuwa brigedia jenerali kwenye jeshi la akiba la jimbo la Alaska, Novemba 1992 ndege ndogo ya jeshi ikaanguka karibu na Juneau na wote 8 waliokuwemo wakafa, Tom akiwemo. Halafu baba yake Tom alikuwa jenerali pia, naye alikufa kwa ajali ya ndege hukohuko Alaska mwaka 1964 kipindi cha lile tetemeko kubwa (mimi nisingetaka hata kusikia mlio wa ndege).

Sasa angalia alichofanya. Kilichomsaidia kwanza ni kukaa na wajane wenzake wa ajali ileile, wakaongea wee, na ni mwaka 1994 ndipo akaanzisha TAPS, shirika la familia za wanajeshi waliofariki. Halichagui, awe amefia vitani, ajalini, kwa ugonjwa, hata kama amejiua, familia yake inapokelewa na hailipi hata senti. Hilo la kujiua limenigusa mno, kwa sababu huku kwetu mjane wa namna hiyo hata pole anapewa kwa kunong'onezwa. Mwezi wa 5, Wamarekani wanapokumbuka wanajeshi wao waliokufa, familia hizo zinakutana eneo la Washington, watoto wamevaa tisheti nyekundu na beji zenye picha za baba au mama zao, na kila mtoto anapewa mwanajeshi wa kushinda naye. Mwaka 2015 Obama akamvisha mama huyu Nishani ya Uhuru ya Rais, ila kwangu mimi ile beji kwenye tisheti ya mtoto ndio kubwa kuliko nishani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, kabla ya kutafuta logo na wafadhili, tafuta mtu mmoja aliyefiwa juzi na umpe kile ulichokikosa wewe. Mimi msiba ulikuwa na watu mpaka tukaazima viti mtaa wa pili, ila baada ya arobaini nilibaki na faili tu, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kuthibitishwa msimamizi wa mirathi, bado mafao, bado kuhama kota, na shemeji zangu kila mmoja ana lake la kusema. Hakuna aliyeniambia nitoe kopi za kutosha mapema wala nisikabidhi orijino kwa mtu yeyote wa "nitakushughulikia".

Basi mimi kumuenzi baba watoto ndio hivyo, nikisikia kuna mke wa askari kafiwa naenda nimeshika bahasha ya kaki na kalamu, tunapanga karatasi zake mezani, siku ya mahakama namsindikiza, tukichoka tunakunywa chai. Jina la mume wangu halijaandikwa popote na sioni shida.

Usiende siku za matanga, pale watu wapo. Nenda wiki ya pili baada ya arobaini, acha zile habari za "jikaze" na "Mungu kampenda zaidi", muulize karatasi gani imekwama, na kama ana watoto wadogo muulize nani anawapokea wakitoka shule.